Fundi kapaka grisi kwenye filta ya maji ya kunywa: je, ni salama?

Swali: Naishi Kimara. Fundi alikuja kubadilisha filta iliyo chini ya sinki na kurekebisha koki ya jikoni iliyokuwa ngumu kufunguka. Nilimwona akichovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya nywele, akapaka kitu cheupe cheupe kama ute kwenye mpira wa filta na ndani ya koki. Nilipomuuliza akasema ni grisi ya silikoni, haina shida. Kesho yake nikaona utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji niliyoyaacha kwenye sufuria, na maji yalikuwa na kaharufu. Nina mtoto wa miezi saba, uji wake na maziwa yake ya kopo vyote tunakoroga kwa maji hayo. Je, tumekunywa sumu? Nifanye nini sasa?

Jibu: Dada yangu, nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Kama alichopaka fundi ni grisi halisi ya silikoni, mwanao hajanywa sumu, hata kama chembe yake iliingia kwenye uji. Silikoni hainipi wasiwasi. Kinachonipa wasiwasi ni lile kopo la mafuta ya nywele. Grisi ikishahamishwa kutoka kwenye kopo lake lenye maandishi, si wewe, si mimi, na mara nyingi hata fundi mwenyewe, anayeweza kuapa ni kitu gani. Na pale Gerezani au Kariakoo kuna grisi za kila namna zinazofanana kwa macho, nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya beringi za magari wala hazikukusudiwa kugusa maji ya kunywa.

Kwa hiyo nitakueleza kwanza silikoni ni nini na kwa nini siiogopi, kisha tutafuta kujua kilichopakwa nyumbani kwako, kisha cha kufanya leo.

Grisi ya silikoni ina vitu viwili tu vya msingi: mafuta ya silikoni, ambayo wakemia huyaita polidimethilisiloksani, na unga laini sana wa silika unaoyafanya mafuta hayo yawe mazito yasitiririke. Mafuta hayo hayatokani na petroli. Uti wake ni mnyororo wa silikoni na oksijeni, ndiyo maana hayachachi, hayagandi kwenye baridi, hayayeyuki kwenye maji ya moto ya hita, na wadudu wa kwenye maji hawapati chakula humo kirahisi. Hayana harufu. Hayana ladha. Katika maji hayayeyuki. Yakitoka kwenye mpira yanabaki kuwa kitone au utando, hayachanganyiki na maji ukayanywa bila kujua.

Pengine umeshampa mwanao kitu hicho hicho bila kujua. Zile dawa za matone za kutoa gesi tumboni kwa watoto wachanga, simethikoni, zimetengenezwa kwa polidimethilisiloksani na silika, yaani vile vile viwili nilivyovitaja. Molekuli zake ni kubwa, utumbo hauzifyonzi, zinapita na kutoka na choo. Kwenye chakula pia zimo: ni kiambato kinachoruhusiwa kuzuia povu, kina namba E900, na kanuni za kimataifa za vyakula zinaruhusu hadi miligramu 10 katika kila kilo ya mafuta ya kukaangia. Sisemi mtu akalambe grisi ya fundi. Nasema mwili wa binadamu umeshakutana na kitu hiki mara nyingi, na wataalamu wamekipima kwa miaka mingi.

Tufanye hesabu, kwa sababu kwa mama mwenye mtoto mdogo maneno "haina shida" hayatoshi. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO inayoshughulikia viambato vya chakula imeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na hicho ni kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote. Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia upya ushahidi ikakipandisha hadi miligramu 17, lakini tutumie kile kikali zaidi. Mtoto wa kilo 8 anafikia miligramu 12 kwa siku. Sasa chukua mpira wa filta uliopakwa vizuri: grisi iliyobaki juu yake ni kama gramu 0.2, yaani miligramu 200. Tuseme yote ikasombwa ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo halitokei kwa sababu sehemu kubwa imejificha kwenye mfereji wa mpira na hukaa hapo miezi mingi. Na tuseme nyumba yako inachota lita 20 kwa siku kupitia filta hiyo. Hiyo ni miligramu 200 ndani ya lita 600, kama theluthi moja ya miligramu kwa lita. Mtoto akinywa lita nzima kwa siku, bado yuko chini ya kiwango kwa zaidi ya mara thelathini.

Kuna jambo moja ambalo huenda ukakutana nalo ukianza kusoma mtandaoni, nalo ni bora ulisikie kutoka kwangu. Silikoni inapotengenezwa hubaki na masalia ya molekuli ndogo za mviringo zinazoitwa D4, D5 na D6. Hizo Umoja wa Ulaya uliziingiza mwaka 2018 kwenye orodha ya kemikali zinazohitaji uangalizi mkubwa, hasa kwa sababu zinadumu muda mrefu kwenye mazingira na kujikusanya kwenye viumbe. Ni hoja ya kweli, na ni sababu mojawapo inayonifanya nisisitize grisi iliyopimwa kwa ajili ya maji ya kunywa badala ya silikoni yoyote ile. Ila kwa kiasi kinachokaa kwenye mpira mmoja wa filta, si jambo la kukufanya umwage uji wa mtoto.

Sasa twende kwenye kile kikopo. Kitu cheupe cheupe kama ute kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu. Kinaweza kuwa silikoni kweli. Kinaweza kuwa mafuta ya mgando ya kawaida ya kujipaka, ambayo yanatokana na petroli. Au kinaweza kuwa grisi nyeupe ya lithiamu, ile wanayopaka kwenye bawaba za milango na reli za viti vya gari. Hii ya mwisho ndiyo siitaki kabisa nyumbani kwako. Ndani yake kuna mafuta ya petroli, sabuni ya lithiamu, na mara nyingi viungo vya kuzuia kutu na kusagika, vingine vyenye zinki na salfa. Vilichaguliwa kwa ajili ya chuma, hakuna aliyejiuliza mtoto akivimeza itakuwaje.

Fungua filta, chukua kidogo kwa ncha ya kijiko cha chuma, kiasi cha punje ya mchele, kisha elekeza mgongo wa kijiko kwenye kikombe cha maji yanayotoka kuchemka, grisi ikae juu isiguse maji. Subiri dakika mbili. Mafuta ya mgando yatayeyuka yawe maji maji angavu yanayotiririka. Silikoni haitabadilika hata kidogo, itabaki imesimama vile vile. Grisi ya lithiamu nayo haiyeyuki kwa joto hilo, lakini utaijua kwa mambo mengine: ni nyeupe kama rangi ya ukuta, haipitishi mwanga, na ukiipaka kidoleni na kuinusa ina harufu ya mafuta ya mashine. Silikoni ukiitandaza kidoleni inaruhusu mwanga kupita, haina harufu yoyote, na ukinawa kwa sabuni bado unaisikia ikiteleza, hata mara ya pili. Jaribio hili haliipi grisi cheti, ila linakuondolea wale wawili wabaya kwa uhakika mzuri.

Na umpigie fundi simu. Usimgombeze, muulize tu kwa upole alinunua wapi na kopo la kwanza liliandikwaje. Mafundi wengi wanahamishia kwenye vikopo vidogo kwa sababu kopo kubwa ni zito kubeba kwenye begi pamoja na spana, si kwa nia ya kuficha. Akikutumia picha ya kopo lenyewe tumemaliza nusu ya kazi.

Kuhusu utando, hapo nina mashaka kama umetoka kwenye grisi. Ulisema ulikuwa kwenye sufuria. Sufuria iliyopikiwa mboga jana, hata ikioshwa, mara nyingi ina mafuta kwenye mikwaruzo na kwenye ukingo. Ukiweka maji usiku kucha yanapanda juu. Maji yaliyochemshwa yakapoa nayo hutengeneza utando wa kijivujivu wa chokaa, hasa ya kisima. Na kama mnachanganya maji ya DAWASA, yaani ya mamlaka ya maji ya Dar, na ya kisima au boza kwenye simtanki moja, madini ya chuma yaliyomo kwenye maji ya kisima, pamoja na bakteria wanaoishi kwa chuma hicho, hutoa utando unaong'aa rangi rangi kabisa kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi. Watu wengi wanautazama wanaapa ni mafuta.

Kuutofautisha ni rahisi. Chukua njiti ya kiberiti ambayo haijawashwa, ichovye katikati ya utando na uivute upande. Kama ni utando wa chuma, utapasuka vipande vyenye pembe pembe, kama kioo chembamba kilichovunjika, na vipande havitaungana tena. Kama ni mafuta, yatafunguka kupisha njiti kisha yatajifunga nyuma yake, au yatajizungusha. Kabla ya kufanya hivyo lakini, anza upya: osha bilauri mbili za kioo kwa sabuni, zisuuze vizuri, moja ijaze kwenye koki ya jikoni inayopita kwenye filta, nyingine ijaze kwenye bomba la nje kabla maji hayajafika kwenye filta. Zifunike kwa sahani, ziache hadi asubuhi. Zote mbili zikiwa na utando, grisi ya fundi haina kesi, tafuta kwenye tanki na kwenye chanzo. Ikiwa ni ile ya jikoni pekee, basi twende tukafungue filta.

Harufu ndiyo inayosema zaidi, na ningependa unijibu ni harufu gani hasa. Silikoni haina harufu, kwa hiyo maji yakinuka kuna kitu kingine. Harufu ya mafuta ya taa au ya gereji: acha kunywa maji ya koki hiyo leo leo, mpaka ijulikane. Na usichunguze grisi peke yake. Kama bomba lako la plastiki jeusi linapita chini ya gereji au mahali panapomwagwa oili chafu, petroli inaweza kupenya kwenye ukuta wa bomba hilo lenyewe bila kuwepo tundu. Harufu kali kama ya kuondolea rangi ya kucha: hiyo ni gundi ya PVC, fundi ameunga bomba na hakusubiri ikauke wala hakusafisha laini, mwaga maji kwa muda, itaisha. Harufu ya klorini kidogo ni jambo jema, maana yake dawa iliyotiwa mtamboni Ruvu Juu imefika hadi Kimara ikiwa bado na nguvu.

Harufu ya siki, je? Hapo fundi alikosea silikoni. Mtaani kwetu ukitaja silikoni dukani, muuzaji anakupa ile ya kwenye mrija mrefu inayosukumwa kwa bunduki, ya kuziba pembeni mwa sinki na vioo. Ile si grisi. Ni gundi inayogeuka kuwa mpira, nyingi zinatoa asidi ya siki zinapokauka, na zile za bafuni huwa zimetiwa dawa ya kuua ukungu. Dawa hiyo inafanya kazi yake vizuri kwenye vigae. Ndani ya filta ya maji ya kunywa haina nafasi. Kama fundi aliziba filta kwa kitu hicho, utakikuta kimekauka kama mpira laini kwenye nyuzi za mfuniko na hakitoki kwa kidole. Kibandue chote.

Nimewahi pia kuona watu wakipulizia silikoni ya kwenye chupa ya spreyi ndani ya koki. Mafuta yaliyomo yanaweza kuwa mazuri, lakini yamebebwa na viyeyusho vya petroli na gesi ya kusukumia. Kwenye maji ya kunywa hapana.

Cha kufanya leo, basi. Maji ya mtoto chukua kwenye bomba la nje au sehemu nyingine unayoiamini, yachemshe kama kawaida, mpaka umalize uchunguzi. Kumbuka kuchemsha kunaua vijidudu tu, hakuondoi mafuta wala madini, kwa hiyo usichemshe yale ya koki yenye mashaka ukadhani yamekuwa salama. Jaribio la kijiko likionyesha ni silikoni na bilauri mbili hazina tofauti, mwaga maji ya koki ya jikoni kwa dakika kumi, yakinge kwenye ndoo umwagilie maua, halafu endelea na maisha yako. Huna haja ya kung'oa chochote.

Likionyesha ni mafuta ya mgando au grisi ya mashine, kazi ni kubwa kidogo. Funga maji, fungua filta, toa kichujio cha ndani ukitupe. Mkaa wa kichujio ukishashika mafuta hausafishiki. Toa mpira utupe nao, nitaeleza kwa nini. Futa kikombe cha filta kwanza kwa karatasi kavu mpaka ibaki safi, maana ukianza na maji utatandaza grisi badala ya kuitoa, ndipo uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo na kusuuza mpaka sabuni iishe. Koki ifunguliwe, katriji yake ifutwe hivyo hivyo au ibadilishwe kama ni ya bei nafuu. Weka mpira mpya, kichujio kipya, mwaga maji dakika kumi hadi kumi na tano. Ukimaliza na bado harufu ya mafuta ipo, peleka sampuli ikapimwe, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapokea sampuli za maji kutoka kwa wananchi. Waulize kabla jinsi ya kuchukua sampuli ya kupima mafuta. Kwa kawaida hutakiwa chupa ya kioo, kwa sababu mafuta hung'ang'ania plastiki.

Kwa nini mpira utupwe? Hili mafundi wengi hawalijui, na kwangu ni sababu kubwa ya kukataa mafuta ya petroli kuliko hata sumu yenyewe. Mipira mingi ya mifumo ya maji hutengenezwa kwa EPDM, mpira unaovumilia maji ya moto na klorini miaka mingi. Adui yake ni mafuta ya petroli. Ukiupaka mafuta ya mgando leo utaingia vizuri na kuteleza vizuri, fundi atalipwa na kuondoka. Baada ya wiki kadhaa unavimba, unalegea, unatoka kwenye mfereji wake. Ukifungua filta unaukuta umerefuka haurudi mahali pake, kama umepanuliwa makusudi. Unaanza kuvuja. Mpira mweusi wa aina ya naitraili unavumilia petroli, lakini ukiiweka mezani huwezi kuitofautisha na EPDM kwa macho. Silikoni haiidhuru yote miwili, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza mafundi wazuri kuichagua. Mpira usiopatana nayo ni ule uliotengenezwa kwa silikoni yenyewe, mlaini sana, mara nyingi mweupe au mwekundu, upo kwenye baadhi ya vyombo vya maji. Huo unavimba kwa mafuta ya silikoni. Ulowanishe kwa maji safi tu ukiufunga.

Mtu atauliza, kwa nini tusifunge mikavu tukaepuka grisi zote? Kwa sababu mpira mkavu ukizungushiwa mfuniko wa filta unavutwa, unajisokota, unabanwa upande mmoja na kuchanika. Utadhani umefunga vizuri kwa sababu umekaza kwa nguvu. Na hapa Dar, muungano usioziba ni hatari kubwa kuliko grisi yoyote niliyoitaja. Maji yetu yanakuja kwa mgao maeneo mengi. Presha ikishuka, bomba lililokuwa likivuja kwenda nje linaanza kunyonya kutoka nje, na kilichopo nje mitaani kwetu ni udongo uliolowa maji ya karo na vyoo vya shimo. Kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 kiliua watu, na siwezi kuona uvujaji mdogo wa bomba kama jambo la kuvumilia. Wenye tanki la chini ya ardhi na pampu, angalieni zaidi bomba la upande wa kunyonyea, kutoka kwenye tanki hadi kwenye pampu. Upande huo hautoi maji nje ukavuja uone, unavuta hewa na uchafu ndani. Dalili ni pampu inayopoteza maji kila asubuhi mpaka uijaze upya. Mpira wa yuniani (kiungo cha bomba kinachofunguka) ya upande huo ukisafishwa, ukapakwa silikoni kiasi cha kung'aa tu na kufungwa kwa mkono, mara nyingi tatizo linaisha hapo hapo.

Kiasi cha kung'aa tu, narudia. Mafundi wetu wana mkono mzito. Grisi inayoonekana kama mabonge ni grisi itakayoishia kwenye kichujio. Unaweka punje kidoleni, unauzungusha mpira kati ya vidole mpaka wote ung'ae, unafuta mfereji usiwe na mchanga, basi. Na isiguse sehemu utakayopaka gundi ya PVC, kwa sababu gundi haishiki kwenye silikoni hata ukifuta. Vilevile grisi hii haizibi nyuzi za bomba la chuma. Kwenye nyuzi ni ile tepu nyeupe, au katani. Katani yenyewe haina neno, ila kuna mafundi wa zamani wanaoifunga pamoja na rangi nyekundu yenye madini ya risasi. Hiyo msikubali kabisa kwenye maji ya kunywa. WHO wanataka risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji, na hata kwa kiasi kidogo inaharibu ubongo wa mtoto unaokua.

Mafuta ya kupikia nayo naona yanatumika kuingizia mabomba yenye mipira. Yanachacha, yananuka, na bakteria wanayala. Afadhali maji ya sabuni, yakisuuzwa baadaye.

Wakati mwingine ukitaka kununua mwenyewe, tafuta kwenye maduka ya filta, pampu au vifaa vya mabwawa ya kuogelea, huko hupatikana tyubu ndogo. Soma maandishi. Alama bora ni NSF/ANSI 61, kiwango cha Marekani kilichoanza mwaka 1988 kwa ajili ya vitu vyote vinavyogusa maji ya kunywa muda wote. Ya Uingereza ni WRAS, nayo inasimama juu ya vipimo vya BS 6920: kama kitu kinaharibu ladha, harufu au rangi ya maji, kama kinalisha vijidudu, kama kinatoa kemikali zinazodhuru chembehai, na kama kinatoa madini mabaya. Utakutana pia na NSF H1. Hiyo ni ya mashine za viwanda vya chakula ambapo grisi inaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Si sawa na 61, lakini kwa mpira wa filta ya nyumbani siikatai ikikosekana nyingine. Kopo lililoandikwa tu kwamba linafaa kwa chakula, bila namba wala alama yoyote, lichukulie kama maneno ya muuzaji. Grisi ya silikoni ya umeme, ile ya plagi za gari, inaweza kuwa na viambato karibu vile vile, lakini hakuna aliyeipima kwa maji ya kunywa, na tofauti ya bei haistahili kubahatisha.

Tyubu ya gramu chache itakutosha miaka. Iweke kwenye droo ya jikoni pamoja na mpira mmoja wa akiba wa saizi ya filta yako, na fundi akija mpe vyote viwili kabla hajafungua begi lake.